Wiki Moja Matangani

Mtaa mzima uliwaita Pacha, ingawa hata mwenye mtoto wa jicho angeona kwamba hawakutoka tumbo moja. Mmoja alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono ya kufika ncha ya pili ya turubai bila kuinuka kitini. Wa pili alikuwa mfupi, mnene wa kupendeza, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Watu wakasema Pacha Mrefu na Pacha Mfupi, na kwa kuwa watu ni wavivu wa kusema, mwishowe wakabaki Mrefu na Mfupi basi. Hadithi hii ni ya Mrefu. Mfupi ana mdomo wake. Akitaka atasimulia ya kwake, nayo itakuwa tamu kuliko hii, na ukweli utakuwemo nusu.

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya mabohari ya bandari, sakafu ya saruji iliyolainishwa na magoti, cherehani mbili nzito zikitazamana. Humo walishona maturubai ya malori, mapazia ya vibanda, mahema na makava ya viti vya mabasi. Walikuwa na mgawanyo wao, na kwa miaka ishirini na sita haukuwahi kuleta ugomvi. Mfupi alipima, alikata, alizungumza na wateja, alishika simu na karatasi zote. Mrefu alishona. Kona ngumu zilikuwa zake, kushonea kamba ukingoni kulikuwa kwake, na yale matundu yenye pete za shaba pia. Kiganjani alivaa kipande cha ngozi cha kusukumia sindano, na chini ya ngozi ile kiganja chenyewe kilikuwa kimegeuka ngozi ya pili.

Halafu alikuwa na kicheko. Siyo hivi vicheko vyetu vya kuficha meno. Mrefu akicheka, madereva wa malori nje walijibu kwa honi. Mfupi alizoea kusema, "Sisi hatuhitaji bango. Mteja akipotea njia, mwambieni tu asimame asikilize."

Mumewe Mrefu, aliyekuwa mwendesha kreni bandarini, alifariki ghafla miaka tisa iliyopita. Siku zote za matanga Mfupi alilala kwenye mkeka kando yake, akamwosha uso asubuhi, akamnywesha chai kwa kijiko kama mtoto, akawajibu wageni kwa niaba yake. Mtoto pekee wa Mrefu, dereva wa masafa marefu, alikuja akazika akarudi barabarani. Aliyebaki ni Mfupi. Kwa hiyo msimshangae Mrefu kwa kumwamini mtu yule. Ungekuwa wewe ungemwamini pia.

Kisha ikaja merikebu. Ilikuwa na milingoti mitatu, mbao tupu, ya zamani kweli, imefungwa gatini miaka mingi ikiota ukungu, mpaka kampuni moja ilipoinunua na kusema itabeba watu wa likizo. Wiki moja baharini kwa upepo: kula, kulala, kutazama maji, kurudi. Nahodha wake, mtu wa maneno machache, alizunguka mjini akitafuta wa kumshonea matanga kumi na mawili. Viwanda vikubwa vilimwambia asubiri mwaka. Akafika karakanani, Mfupi akamkalisha, akampa chai, na chai haijapoa kazi ikawa yao.

Hapa nieleze jambo moja, maana bila hilo hadithi haisimami. Lugha yetu ina utani wake. Matanga ni yale ya chombo, yanayoshika upepo. Na matanga ni hayo pia tunayokaa mtu akifa. Basi wiki ile ya kwanza kila aliyepita mlangoni akauliza "Mnashona nini?" na kujibiwa "Matanga," alishika kifua. "Poleni jamani! Nani tena?" Muuza maji alivua kofia kabisa, akasimama kimya na mikebe yake. Mfupi alicheka mpaka akakaa chini. Mrefu, mwenye kicheko chake, hakucheka hata kidogo.

"Mwenzangu," alisema, "neno hilo humu ndani lisitajwe. Mimi likinipita masikioni namwona marehemu amelala pale sebuleni. Hizi tuziite nguo. Nguo za merikebu."

Mfupi alifuta machozi ya kucheka akamshika mkono. "Nguo. Basi ni nguo, shoga yangu."

Kuanzia hapo ikawa nguo kubwa, nguo ndogo, nguo ya mbele, nguo ya nyuma. Miezi minane walizungumza hivyo, mpaka nahodha mwenyewe akaanza kuuliza nguo zake zimefikia wapi. Kati ya wanawake wale wawili matanga yakawa na maana moja tu.

Kazi ilimtoa Mrefu jasho. Nguo kubwa peke yake ilijaza chumba, ikatoka mlangoni, ikalala uani. Kona yake ya chini, inayobeba nguvu yote ya upepo, aliishona kwa mkono siku tatu, tabaka saba, uzi uliopakwa nta, mishono imelala kama punje za hindi. Siku ya kuivisha merikebu, nahodha alipitisha kidole kwenye kona ile, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na barua fupi. Mafundi wawili, chumba kimoja, vitanda viwili, safari ya kwanza, wageni wa nahodha. Tarehe wangepigiwa simu.

Mrefu hakuwahi kwenda likizo. Likizo kwake ilikuwa umeme ukikatika. Aliisoma barua mara nne, akacheka kile kicheko, na meli moja ya mizigo ikapiga honi, ingawa wenye busara wanasema ilikuwa inatoka gatini tu. Kwa vipande vilivyobaki alishona mikoba miwili ya safari, sawasawa, yenye mfuko wa pembeni wa kuweka miwani. Mfupi akaichukua kwenda nayo kwake akaitilie zipu.

"Tukienda, twende wote," Mrefu alisema.

"Au tusiende kabisa," Mfupi akajibu. "Nani anakwenda huko bila wewe? Nikacheke na nani?"

Miezi hiyo hiyo binti yake Mfupi alikuwa anachumbiwa na kijana wa watu wenye nafasi zao. Mama wa kijana alikuwa mke wa daktari, mwanamke anayetembea kama anaogopa kuchafuliwa na ardhi. Mfupi alibadilika kidogo kidogo. Akaanza kupaka mikono mafuta ya glisarini, akaanza kusema "kampuni yetu" badala ya karakana. Siku familia zile zilipokutana, Mrefu alikuwapo kama mama mkubwa wa bibi harusi. Alivua viatu mlangoni, akakaa, mtu akasema jambo la kuchekesha, akacheka. Mke wa daktari alishtuka akamwaga juisi. Mrefu aliomba radhi akapangusa kwa leso yake, na kwake yeye habari ikaishia hapo.

Kisha siku moja Mfupi alisema, macho yakiwa kwenye mkasi, "Nahodha amepiga simu. Safari imesogezwa mbele."

"Mpaka lini?"

"Watatuambia."

Mrefu alisikitika, akaendelea kushona. Siku tano baadaye simu ililia asubuhi kabla hajafungua karakana. Mfupi, sauti ya chini, kama mtu aliyeziba mdomo kwa kitambaa.

"Shoga, leo siji. Nina matanga. Wiki nzima."

Mrefu alikaa kwenye ngazi. "Mungu wangu! Nani?"

"Usiniulize sasa, nitashindwa kusema. Nikirudi tutazungumza."

"Ni Shangazi?"

Simu ilikuwa imekatika. Lakini nani mwingine? Shangazi yake Mfupi, aliyemlea, alikuwa mgonjwa wa moyo, wa kuingia na kutoka hospitali. Mrefu alilia pale pale kwenye ngazi, funguo mkononi. Alimpenda yule bibi kizee. Alifungua karakana, akaandika kwa chaki mlangoni "Tuna msiba", akafanya kazi zake na za Mfupi ili mwenzake akirudi asikute rundo. Kila mteja alipewa habari, na kila mteja alitoa pole. Muuza maji akavua kofia mara ya pili.

Siku ya tatu alishindwa kukaa. Mfupi alikaa naye matanga yote yeye alipofiwa, sasa yeye akae anapiga cherehani? Alivaa nguo nyeusi, akachukua kilo tano za sukari na majani ya chai, akaenda kwa Shangazi, mwendo wa saa mbili nje ya mji. Njiani alipanga maneno. Alipokata kona ya uchochoro akaanza kulia kabisa, kama inavyopasa, ili waliomo ndani wasikie kuna mfiwa mwenzao anakuja.

Uani, kwenye kigoda, marehemu alikuwa anachambua mchele.

"Wewe," Shangazi alisema, akimtazama toka juu mpaka chini. "Umefiwa na nani tena mwanangu?"

Mrefu alisimama na sukari kichwani. Machozi yalikuwa bado yanateremka, maana machozi hayana breki.

"Shangazi... mimi nimekuja matangani."

"Matanga ya nani?"

Hapo ungejibuje wewe? Mrefu alitua mzigo chini, akakaa juu yake. "Yako," alisema.

Bibi kizee aliweka ungo pembeni. "Mimi nimekufa lini?"

Kwa kweli lilikuwa jambo la kuchekesha, na siku nyingine Mrefu angeliamsha mtaa. Alianza hata, kicheko kikafika kooni, cha furaha ya kumwona mzee mzima. Akaeleza: simu, sauti ya chini, wiki nzima. Shangazi alisikiliza kwa kukunja uso, halafu akaingiza mkono kifuani akatoa simu yake ndogo.

"Jana kanipigia, sikusikia kitu kwa upepo. Akaniletea picha. Soma mwenyewe, macho yangu hayaoni hizi herufi."

Picha ilikuwa ya sitaha ya merikebu, mbao zimesuguliwa, bahari nyuma. Mfupi kavaa kofia pana, katabasamu meno yote. Ubavuni kwake mke wa daktari. Begani kwa mke wa daktari ulining'inia mkoba wenye mfuko wa pembeni wa miwani, zipu imeshatiwa. Na juu ya vichwa vyao ilitokeza kona ya nguo kubwa. Mrefu aliisogeza picha karibu. Tabaka saba. Angeijua mishono yake hata gizani.

Chini Mfupi aliandika: *Shangazi, nipo matangani na mkwe wangu. Raha tupu.*

Alirudisha simu. Shangazi, ambaye hakuwa mjinga, aliuliza taratibu, "Kwani na wewe ulikuwa uende?"

"Ndiyo," Mrefu alisema. "Na mimi nilikuwa niende." Sukari aliiacha. Asingeweza kurudi nayo, angeitazama kila asubuhi akitia kwenye chai.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nilidhani wanazungumzia chawa. Siku nne zilizobaki Mrefu alishona bila kusema na mtu. Hakufuta maneno ya chaki mlangoni. Waliopita walimpa pole naye alizipokea zote, na kama kuna aliyestahili pole mtaa ule, alikuwa yeye. Mara akakasirika mpaka sindano ikakatika. Mara akamtetea mwenzake kichwani, labda alilazimishwa, labda nahodha alikosea, labda kuna maelezo. Hicho ndicho kibaya cha kusalitiwa na mtu umpendaye. Unakuwa wakili wake bila kuajiriwa.

Mfupi alirudi siku ya nane, amevaa nyeusi, uso ameuinamisha vizuri. Tatizo lilikuwa pua. Pua ilikuwa imeungua kwa jua na ngozi yake inabambuka.

"Pole kwa matanga," Mrefu alisema.

"Tumeshapoa, shoga."

"Mlizika salama?"

"Tumerudi salama."

"Jua la makaburini lilikuwa kali, naona."

Mfupi aligusa pua. Mrefu alikuwa bado anashona, hakuinua macho. "Nilikwenda kwa Shangazi kuhani msiba. Anakusalimu. Anasema kama amekufa, mbona anadaiwa bili ya maji."

Halafu Mfupi, badala ya kupiga magoti, badala ya kulia, alifanya lile ambalo Mrefu hajalisamehe mpaka leo. Alijitetea kwa neno.

"Sikukudanganya," alisema. "Nilikwambia nina matanga. Sikusema amekufa nani. Shangazi ulimtaja wewe."

Mrefu alisimamisha cherehani. Miezi minane neno lile lilikuwa limefungiwa nje ya mlango kwa ajili ya mumewe, na mtu aliyemsaidia kulifungia alikuwa amelitoa, akalinoa, akalitumia kwake. Mfupi alijua kabisa Mrefu angelisikia vipi. Mtu mwingine yeyote angehitaji kusema uongo. Mfupi, aliyekwisha kudanganya kwamba safari imesogezwa, kwa hili hakuhitaji.

"Kwa nini?" Mrefu aliuliza. Hilo tu.

"Yule ni mama mkwe wa mwanangu. Nilitaka anione niko mahali. Sasa wewe..." Mfupi alitazama mkasi, kisha sakafu. "Wewe unavua viatu kila mahali. Una mikono hiyo. Ukicheka watu wanageuka. Chumba ni kimoja, meza ni moja, wiki nzima. Ningekuweka wapi?"

"Ulimwambia mimi ni nani?"

"Nani?"

"Huyo mkwe. Aliponiona kwako siku ile. Ulimwambia mimi ni nani?"

Mfupi alijibu kwa sauti ndogo sana, "Nilimwambia ni msaidizi wangu."

Mrefu alivua ngozi ya kiganjani akaiweka mezani. Alisema, "Cherehani yako ipo pale. Tafuta mkokoteni." Kisha akaenda uani akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia hata kwa mumewe, maana marehemu hakuondoka kwa kumwonea haya. Ndani alisikia cherehani ikiburutwa. Mfupi alisimama mlangoni mara moja, akaita "Shoga," asiitikiwe, akaenda.

Wateja waliuliza, "Pacha wako yuko wapi?" Aliwaambia amehama. Kazi ilipungua nusu, maana yeye kukata alikuwa anabahatisha na kuzungumza na wateja hakujua kabisa. Baada ya miezi miwili akaingia nahodha, kofia mkononi.

"Umepona?" aliuliza.

"Nilikuwa naumwa?"

Nahodha alikunja nyusi. "Mwenzako alisema mgongo. Alisema umempa nafasi yako yule mama mwingine kwa ridhaa yako."

Kumbe na wengine walihifadhiwa uongo wao. Mrefu alimweleza yote kwa maneno machache. Nahodha alisikiliza mpaka mwisho, akatazama mahali palipokuwa na cherehani ya pili, alama za miguu yake bado ziko sakafuni. "Tunaondoka Jumamosi," alisema. "Chumba kile kile. Njoo na unayemtaka."

Alikwenda peke yake. Mwanawe alikuwa barabarani, na zaidi ya hapo, alipowahesabu watu wa kusafiri nao, alifika kwa mmoja akasimama.

Merikebu ilikuwa nzuri. Lazima niseme hivyo, hata kama hadithi inataka iwe mbaya. Walipotoka bandarini injini ilizimwa, mabaharia wakapanda milingotini kama nyani, na wageni wakaalikwa kuvuta kamba. Mrefu alivuta. Kamba za mkonge hazikumtisha. Watu wa likizo walikuwa wanapuliza viganja, yeye anavuta anasubiri nyingine. Nguo kubwa ilipofunguka ikashika upepo kwa kishindo kimoja, ikavimba, na chombo kikaegemea ubavuni na kuanza kwenda bila kelele yoyote. Alisimama chini yake shingo imepinda. Aliangalia kona zake zote na hazikumwaibisha. Kisha aliangalia katikati, na hapo ndipo palipomuuma. Kitambaa kilikuwa kimejaa mviringo bila mkunjo hata mmoja, na kujaa vile hakutoki kwenye sindano, hutoka kwenye mkasi. Mfupi alikuwa amekata vizuri. Mrefu aliutafuta mkunjo mmoja tu wa kumfariji, asiupate.

Alivaa viatu wiki nzima. Mbao zilikuwa safi na za joto, wageni wote walitembea miguu mitupu, yeye alivaa viatu. Mikono aliiweka chini ya meza. Siku ya tatu mpishi alisimulia jinsi kuku wa mwisho alivyomponyoka jikoni akapanda ngazi ya mlingoti, na nahodha akatuma baharia amfuate kwa heshima zote. Meza nzima ilianguka kwa kicheko. Mrefu naye kilimjia, kikubwa, kile chenyewe, akakizuia kwa kiganja mdomoni mpaka mabega yakatetemeka. Mwalimu mstaafu aliyekaa jirani naye, mwanamke mchangamfu, alidhani amepaliwa akampiga mgongo.

"Cheka dada, hapa hakuna jirani!"

"Nimeshacheka," Mrefu alisema.

Chumbani kitanda cha pili kilitandikwa kila asubuhi ingawa hakikulaliwa. Jambo la kumhuzunisha zaidi ni kwamba kila alichokiona alikiwekea kumbukumbu: huyu baharia anayeimba vibaya, yule mzee anayeogopa maji na bado amelipia kuyaona, kuku wa mlingotini. Alivipanga vizuri ili amsimulie mtu akirudi. Siku ya tano alijigundua anatafuta maneno ya kuanzia, *Shoga, ungekuwepo*, akajichukia.

Asubuhi ya mwisho, nchi kavu ikiwa imeanza kuonekana, kitabu cha wageni kilipitishwa mezani. Kilikuwa kikubwa, jalada la ngozi, kila mgeni aandike neno. Mwalimu mstaafu alikipata kwanza, na kwa kuwa walimu hawawezi kuona maandishi wasiyasome, alirudi nyuma mpaka safari ya kwanza akawa anasoma kwa sauti.

"Sikilizeni hii! *Matanga haya yote kumi na mawili ni kazi ya mikono yangu. Msaidizi wangu hakuweza kuja. Nimeshukuru kuyaona yakifanya kazi.* Kumbe fundi mwenyewe alishasafiri humu!" Akamgeukia Mrefu kwa furaha, bila ubaya hata chembe. "Na wewe si ulisema uliyashona? Basi wewe ndiye yule msaidizi!"

Watu walimtazama kwa wema. Wengine walipiga makofi. Nahodha, aliyekuwa mwisho wa meza, aliweka kikombe chini kwa nguvu. "Ukurasa huo nitauchana," alisema.

"Usiuchane," Mrefu alisema. "Nipeni kalamu."

Wiki nzima alikuwa na ya kusema. Angeweza kuandika kwamba mwanamke yule hakushona hata kona moja ya nguo zile, na ingekuwa kweli. Angeweza kuandika habari ya Shangazi, ya mkoba, ya pua, na meza nzima ingecheka, na Mfupi angevuliwa nguo mbele ya kila msafiri mpaka kitabu kijae. Alishika kalamu. Alitazama juu, kitambaa kimejaa, hakina mkunjo. Hasira alikuwa nayo, lakini haikumpa idhini ya kusema uongo wa maneno ya kweli, kama alioambiwa yeye.

Aliandika kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara: *Aliyekata si aliyeshona. Niliyeshona ni mimi. Tulikuwa wawili.*

Mwalimu alisoma, midomo ikichezacheza, akatahayari. "Nisamehe, dada. Sikujua. Na huyo mwenzako ni nani?"

Mrefu alifungua mdomo amtaje kama alivyozoea, kwa lile jina la utani au kwa lile la kupendana, na hakuna hata moja lililotoka. Alifunga kitabu, akakisukuma kwa aliyefuata.

"Mtu niliyemwamini," alisema.